Gauni Langu la Kanga

Mabinti zangu, na nyie vijana wa kiume mnaokalia cherehani siku hizi bila kuona haya, mkinikuta napita Bombambili nimevaa gauni pana la bluu lenye ndege wanaotembea kwenye pindo, nisalimieni kwanza. Nikishaitikia marahaba, ulizeni mnachotaka. Wengi wenu huuliza nimelinunua wapi. Wachache, na hao ndio ninaowapenda zaidi, huuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu kaamua kuvaa kitu kama hicho. Nitawajibu, ila nitazunguka kidogo njiani, kwa sababu nimestaafu na sina mteja anayenisubiri mlangoni na kitambaa chini ya kwapa.

Nimeshona nguo mtaani Mfaranyaki tangu usichana wangu mpaka macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano. Nimeshona sare za shule, mapazia, kanzu za watoto wa altare, na magauni ya walimu wageni waliokuja kuripoti na nguo nyepesi za Pwani wakakutana na baridi yetu ya Julai. Lakini kazi iliyonilisha ni sare za sherehe. Harusi, kipaimara, jubilei ya masista, kote huko watu wanataka kufanana. Wanakuja akina mama na kitambaa kimoja, wote wamekubaliana mshono mmoja, halafu kila mmoja ananivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba lake nilifanye tofauti kidogo tu. Huyu anataka mkono wenye puto, yule anataka shingo ishuke, mwingine anataka mfuko na asijue mtu.

Kwa hiyo nililijua jambo hili mapema kuliko mapadri na walimu wangu. Hakuna mtu anayependa kufanana kabisa na wenzake, na hakuna anayependa kuachwa nje ya kundi. Mimi nilikuwa nakaa katikati ya hayo mawili na mkasi mkononi, na nilikula ugali wangu hapo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ausi, Myao wa Tunduru, mwenye cherehani mbili kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Alikuwa hampimi mtu kabla hajamwona akitembea. Mteja akifika na kusimama mbele yake kwa haraka, Mzee Ausi alikuwa anamwambia kwa upole wake wote, "Bismillahi, mama, samahani. Naomba urudi barabarani uje tena." Wengine walikasirika. Yeye alikuwa anatazama tu mabega, na mikono inavyorushwa, na kama mtu anapenda kuinama mbele. Tepu ilikuja baadaye, na mara nyingi ilithibitisha kile alichokwisha kuona.

"Tepu inakwambia ukubwa," aliniambia. "Haikwambii mtu."

Yeye mwenyewe alivaa mashati meupe maisha yake yote, na kila shati lilikuwa na kifungo kimoja chekundu, cha pili kutoka juu. Siku moja nikamuuliza kama vyeupe vilikwisha. Akakishika kile kifungo, akafikiri, akasema, "Hivi vingine ni vya shati. Hiki ni changu." Nilicheka sana wakati ule, na nikaendelea kumcheka kimoyomoyo kwa miaka mingi. Mkinitaka niwaeleze maana ya staili, sina maelezo yanayozidi hayo ya mzee wangu.

Msidhani kwamba kwa kukaa na fundi wa namna hiyo nilikuwa sikosei. Kuna kwaya moja iliniletea kitenge chenye picha za taa za chemli. Nilikikunja kitambaa ili nikate mara moja nisipoteze muda, nikasahau kwamba kitambaa kile kina juu na chini. Wanakwaya wakavaa taa zilizosimama kichwa chini, wote, sauti ya kwanza mpaka besi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu wa kwaya akawapanga mstarini, akawatazama kwa muda, kisha akasema Mungu anatazama kutoka upande wa pili, kwake ziko sawa. Wakaimba nazo mpaka zikapauka. Kwa hiyo kabla hujakata, kitandaze kitambaa chote, ondoka pale ulipo, zunguka meza, kitazame kutoka upande wa pili.

Sasa nije kwenye gauni.

Nilipofunga cherehani nilifungua kabati langu kwa mara ya kwanza nikiwa sina haraka. Kila nililolishika lilikuwa sare ya sherehe fulani, au nililishona kwa kitambaa kilichobaki kwa mteja. Yalikuwa magauni mazuri, ukinikuta na mshono uliopinda njoo unidai. Lakini hakukuwa na hata moja ambalo nililichagua kwa kulitamani tu. Nilikaa kitandani nikajisikia mjinga kidogo. Fundi mzima, sikujua ninapenda nini.

Mpangaji wangu, Mwalimu Grace, binti wa Bukoba aliyeletwa huku kufundisha sekondari, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake kazi za mbunifu mmoja kijana wa Dar. Alikuwa anapitisha kidole tu, mimi nikamzuia mkono. Gauni la bluu, pana, mikono inafika kwenye kiwiko. Kwenye pindo, kundi la kanga, wale ndege wenye madoadoa, wamekatwa kwa vitambaa na kushonewa juu, wanafuatana kuzunguka gauni lote. Mmoja kati yao ameacha msafara. Amepanda peke yake mpaka karibu na bega, anatazama nyuma, kama anawauliza wenzake mnangoja nini.

"Hili la watoto, Mama," Mwalimu Grace akasema.

"La watoto lina dati za kukalisha matiti?" nikamuuliza.

Nilipenda kila kitu chake. Nilipenda kwamba aliyeshona alikuwa anacheza, na bado mishono yake ilikuwa imetulia. Nikapata hamu ambayo sikuwahi kuipata kwa nguo yangu mwenyewe, na sioni aibu kusema kwamba usingizi ulinipita. Asubuhi nikampigia yule mbunifu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiyekuwa fundi wa huku asingeweza kulifanya. Sisi tukipima mtu, tunaongeza akiba. Mteja wetu leo amekonda kwa kilimo, mahindi yakivunwa ananenepa, na akishindwa kulifunga gauni anakuja kumsema fundi. Mkono wangu umezoea kuongeza vidole viwili kila upande bila kuniuliza. Nilijipima, mkono ukaongeza. Nilipoandika vipimo kwenye simu nikakumbuka kwamba mafundi wa mjini huwa wanabana, nikaongeza tena. Yule binti wa Dar akanipigia, kwa adabu, "Mama, vipimo hivi ni vya kwako kweli?" Nikamwambia ni vya kwangu na mimi ni fundi tangu mama yake hajaolewa. Akasema basi sawa, ataongeza nafasi kidogo kwa ajili ya mtindo.

Mzigo ulipofika kwa basi nikalivaa sebuleni. Mwalimu Grace akanizunguka, akaniuliza kama niko peke yangu humo ndani.

Nilichukua mkasi. Halafu nikaurudisha, kwa sababu Mzee Ausi alikuwa haniruhusu kukata nikiwa nimeudhika. Nikaamua kukaa na gauni lenyewe kwanza. Nililivaa nikifagia, nikichambua mchicha, nikiinama kuwasha jiko, nikinyoosha mikono kuanika nguo. Hilo nawashauri nyote, mnaoshona na mnaovaa. Nguo mpya msiihukumu mkiwa mmesimama mbele ya kioo, maana hakuna anayeishi amesimama mbele ya kioo. Kaa nayo, inama nayo, bishana na mtu ukiwa umeivaa. Baada ya siku kadhaa nikajua kwamba upana wa chini naupenda, unanipa hatua ndefu, ila mabega yalikuwa yananidondoka. Nikayapunguza mabega kwa tuki, mikunjo midogo iliyoshonewa kwa ndani, pindo nikaliacha lilivyo. Nikatoka nalo mpaka sokoni. Muuza nyanya akaniuliza hao kuku ni wa aina gani, nikamwambia ni wa kienyeji.

Nilikuwa na furaha ya kitoto, na nilishajua nitalivaa wapi kwa heshima yake yote. Redempta alikuwa anaolewa.

Redempta ni binti wa marehemu kaka yangu. Wazazi wake walitangulia akiwa mdogo, nikamlea mimi, na kwa kuwa mimi ni shangazi yake ndimi niliyetakiwa kusimama upande wa mama na upande wa shangazi kwa pamoja. Siku yake nilitaka kuwa mimi mwenyewe, kwa mara moja nisiwe fundi wa sherehe ya mtu. Kadi zikatoka. Sendofu ya kumuaga kabla ya ndoa ingekuwa ya mchana ili wageni wa Peramiho wawahi magari, na chini ya kadi kamati iliandika vazi la akina mama: gauni la kanga.

Nikacheka peke yangu jikoni. Mama Hilda, jirani yangu na mwenyekiti wa kamati, alikuwa amekuja na doti za sare, kanga za njano na zambarau. "Mlongo wangu," akaniambia kindugu, "hizi za kwako. Na usiniletee ufundi wako. Mshono ni mmoja."

"Kadi inataka gauni la kanga," nikasema. "Mimi ninalo. Lina kanga mpaka begani."

Mama Hilda alicheka hadi akakaa. Redempta, aliyekuwa anahesabu vikombe mezani, hakucheka.

"Shangazi," akasema, "kanga ya kwenye kadi ni ya kuvaa. Hao wako ni wa kufugwa."

Alisema kwa utani, lakini namjua. Mama Hilda alipoondoka nikamuuliza kilichomuudhi. Akapanga vikombe vyake, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mnakumbuka nilisema vitambaa vinavyobaki kwa wateja nilikuwa navitumia. Nilimshonea Redempta magauni ya vipande hivyo tangu akiwa darasa la kwanza mpaka amalize shule ya msingi. Kifua cha kitenge hiki, sketi ya kile, mikono ya kingine. Nilijivunia mno. Nilimwona anapendeza kuliko watoto wote wa mtaa. Kumbe wenzake walikuwa wanavitambua vile vitambaa kimoja kimoja, kwamba hiki ni cha harusi ya dada yake fulani, hiki ni cha jubilei ya fulani, na walimpa jina. Walimwita Harusi ya Watu.

"Sikuyachukia," akasema. "Yalikuwa mazuri, najua. Ila hayakuwahi kufanana na ya mtu. Naomba siku hiyo moja tu, watu wangu wote wafanane, na wewe uwemo."

Jamani! Iliniuma, siwadanganyi. Mimi kuvaa tofauti lilikuwa tunda la uzeeni, nimelichuma mwenyewe. Yeye kuvaa tofauti lilikuwa jambo alilovalishwa akiwa mtoto, hakuulizwa. Gauni nililipenda, lakini huyu alikuwa mwanangu, na kama angesimama ukumbini mbele ya wakwe akajisikia tena Harusi ya Watu kwa sababu yangu, ndege wale wasingekuwa na uzuri wowote kwangu. Nikalitundika gauni kabatini nikaikata ile doti ya kanga. Mshono mmoja, kama kamati ilivyotaka, hata mfuko sikuuweka.

Siku ya sendofu ukumbi ulipendeza, nakiri. Njano na zambarau kila upande, vilemba vyote vimefungwa aina moja. Redempta aliingia na kutuona tulivyojaa, akashika mdomo kwa furaha. Nilipomwona vile nikasema moyoni, umefanya vizuri, mama wewe.

Nilipewa kiti cha mbele. Lakini fundi hajawahi kukaa sherehe mpaka mwisho. Chakula hakijaisha, nikaja kuitwa kwenye meza za nyuma ukumbini, zipu ya mama mmoja imeachia mgongoni. Nikaenda na sindano yangu na pini mbili mdomoni. Nimeinama pale naishona ikiwa mwilini mwake, nikasikia mshereheshaji anatangaza kwamba bibi harusi sasa atampelekea keki mama aliyemlea, popote alipo, na mama huyo asijitaje, binti amtafute mwenyewe.

Redempta akaja kwenye kiti changu cha mbele na sahani mkononi, akakikuta kitupu. Akageuka. Mbele yake kulikuwa na ukumbi mzima wa shangazi. Akina mama wakaanza kupunga leso na kupiga vigelegele, kila mmoja anamchanganya kwa makusudi, kwa furaha tu. Alimwendea mmoja, akamwinamia, siye. Akamwendea mwingine. Watu wakacheka, naye akacheka nao mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka. Nilimwona kutoka kule nyuma, sahani imeanza kuinama mkononi, macho yanaruka kutoka kilemba hadi kilemba. Niliujua uso ule. Alikuwa nao siku aliyoletwa kwangu na kimfuko chake cha nguo.

Nikatema pini, nikamwacha yule mama na zipu yake nusu, nikapita katikati ya meza. Mshereheshaji akasema nimejitaja, nimevunja sharti. Nikampita. Redempta alinilisha keki huku machozi yakimtoka, na watu wakapiga makofi wakidhani ni machozi ya sherehe.

Jioni yake, wageni wakiwa wameondoka, alinikuta jikoni nasuuza masufuria, bado nimevaa ile sare. Akasimama mlangoni.

"Nilikutafuta nikakukosa," akasema.

"Nilikuwa kwenye zipu."

"Najua. Lakini hata ungekuwa mbele, Shangazi, nisingekuona haraka. Nilitaka wote wafanane, wakafanana." Akachukua kitambaa akaanza kufuta vyombo. "Jumamosi kanisani vaa kanga wako."

Sikieni vizuri alichosema. Hakusema kanga yako. Angesema kanga yako, ningevaa ile ya njano na zambarau. Alisema wako. Nikamuuliza kama ana hakika, maana kanisani kutakuwa na wakwe, na wana sare yao ya dhahabu. Akasema wakwe nao wana macho.

Mama Hilda nilimwarifu mapema ili asipate mshtuko. Alivuta pumzi, akasema kamati ilishavunjwa baada ya sendofu, kwa hiyo hana mamlaka, ila kilemba niwe nimekifunga vizuri. Nikakifunga vizuri.

Kwa hiyo Jumamosi nikawa bluu peke yangu katikati ya dhahabu. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alinitazama kuanzia pindoni, akafuata msafara wa ndege kwa macho kuuzunguka mguu wangu wote, akapanda mpaka begani, akanitazama usoni, akaniuliza polepole, "Huyu wa juu anaenda wapi?" Nikamwambia tumuache, bado hajaamua. Tukawa marafiki palepale, na mpaka leo tunapigiana simu.

Misa ilipokwisha, watu walitangulia nje wakajaa kwenye ngazi na uani, vigelegele, simu juu, watoto wanapenya miguuni. Nilisukumwa mpaka pembeni kabisa, karibu na ukuta, na nilikuwa nimekubali kwamba nitampongeza baadaye. Redempta akatoka mlangoni na mumewe. Hakuangaza macho huku na huku. Alishuka zile ngazi, akawapita wapiga picha waliokuwa wanamwita asimame, umati ukampisha, akaja moja kwa moja mpaka pale ukutani. Nikalinyoosha shela begani kwake, mahali ambapo halikuwa limekunjamana.

"Leo sijakutafuta, Shangazi," akasema. "Nimekuona tangu nikiwa altareni."